Kiazi Kilichowabishanisha Eufrasia na Kasmiri

Eufrasia Mayala alizaliwa Zagayu, katika nyumba ambayo viazi vitamu vililiwa asubuhi, vikaliwa mchana, na mwaka wa mavuno mazuri vikaliwa hata usiku, na hakuna aliyelalamika. Mama yake alilima viazi kama wengine wanavyofuga ng'ombe: alivijua kimoja kimoja kwa tabia. Eufrasia alipokuwa msichana, shangazi zake walipenda kumfumba macho kwa kanga, wakampa kipande cha kiazi kilichochemshwa, naye akatafuna polepole na kusema, "Hiki cha bondeni kwa mjomba. Hiki kimechimbwa kikiwa bado kichanga. Hiki jamani nani amekipika na chumvi?" Walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu hakukosea.

Alipoolewa na kuletwa Bariadi mjini, alikuja na sanduku la nguo na furushi la marando, yaani yale mashina ya viazi ya kupandia, yamefungwa kwenye gunia lililolowa maji. Kilikuwa kiazi chenye ngozi nyekundu na nyama nyeupe, kikavu, chenye unga unaokwama kooni mpaka uombe maziwa. Mumewe Mabula, fundi cherehani, alizoea kusema kwamba alioa wawili siku moja, mke na kiazi, na kwamba kiazi ndicho kilichokuwa na heshima.

Mabula aliugua akafariki binti yao Philomena akiwa bado shule ya msingi. Eufrasia akatafuta kazi ya upishi katika shule moja ya bweni, akapika ugali na maharage kwenye masufuria makubwa kuliko beseni la kuogea, mpaka Philomena akasoma, akaolewa, akafungua duka la vitambaa sokoni, na yeye mwenyewe akastaafu. Hadi leo akipita mjini, watu wazima wenye vitambi wanasimamisha pikipiki kumwamkia. "Shikamoo mama! Unanikumbuka?" Naye hujibu, "Marahaba. Sura sikumbuki, ila wewe ndiye uliyekuwa unarudi mara mbili kwenye foleni."

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mcheshi, mwenye ulimi mkali, na bustani yake nyuma ya nyumba ikiwa safi kuliko nyumba za watu wengine. Sisi wanawake wa jumuiya tulipoanzisha kikundi cha bustani za nyumbani, hakuna aliyeuliza nani atakuwa mwamuzi wa mbegu. Kama Eufrasia alisema mchicha huu ni mzuri, ulikuwa mzuri. Kama alikunja pua, basi.

Kisha jirani mpya akahamia.

Jina lake Kasmiri. Alikuwa fundi wa pampu za visima, amezunguka vijiji vya Meatu maisha yake yote ya kazi, na nyumba yake ilikuwa Mwanhuzi. Mkewe alifariki, watoto walikuwa mbali, na alipostaafu akanunua kiwanja kilichopakana na cha Eufrasia, kikitenganishwa na ua wa minyaa tu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama aliyoivua hata kuwaamkia watoto.

Mvua za kwanza zilipoonja ardhi, Eufrasia alisikia jembe upande wa pili wa ua. Akachungulia. Kasmiri alikuwa ameinua matuta mazuri, yamenyooka, na sasa alikuwa anachomeka marando ya viazi yakiwa yamesimama wima kama mishumaa ya Pasaka.

"Mwangaluka, baba," Eufrasia akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu." Kofia ikavuliwa.

"Hayo unayapanda au unayawasha?"

Kasmiri akayatazama marando yake. "Nimekosea?"

"Kwenu Mwanhuzi nani alikuwa anapanda viazi?"

"Mke wangu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakula."

Eufrasia alicheka kwa sauti, akazunguka kwa njia ya barabarani, akaingia kwenye kiwanja cha jirani kwa mara ya kwanza, akamwonyesha: unalaza rando, unalikunja kidogo katikati, unalifunika udongo pale penye vifundo, ncha inabaki inapumua. Wapita njia wawili walisimama. Mwanamume kupanda viazi vitamu! Kwetu viazi ni vya wanawake. Mwanamume atainua matuta, atakula, atasifu, lakini kuinama kuchomeka marando, hapana. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, na sketi utavaa lini?" Kasmiri hakuinua hata kichwa. "Nikimaliza tuta hili," akajibu, na Eufrasia akaona kwamba mtu huyu mkimya si mkimya sana.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipokuja Jenifer.

Jenifer alikuwa mtafiti wa mbegu, msichana mwenye miwani na viatu vilivyojaa tope, na alikuja kwenye mkutano wa kikundi chetu nyumbani kwa Mama Constantine, mwenyekiti wetu, akiwa na mafurushi ya marando kwenye boksi. Alitueleza kwamba ni kiazi kipya. Wamekichanganya kwa miaka mingi, maua ya huyu na maua ya yule, wakachagua na kutupa, wakachagua na kutupa, mpaka wakabaki na hiki. Ndani ni cha rangi ya chungwa, kina vitamini ya macho na ngozi, na kinavumilia jua. Hakijapewa jina, kina namba tu.

"Kwenye mashamba yetu ya majaribio kimefanya vizuri," alisema. "Lakini shamba la majaribio halina jiko. Nataka kikae kwenu, mkipande mnavyopanda, mkipike mnavyopika, halafu mniambie ukweli. Hata kama ukweli wenyewe ni kwamba nikirudishe nilikokitoa."

Wote tukamgeukia Eufrasia. Alikuwa amekata kipande cha rando na kukinusa.

"Mwanangu," akasema, "viazi vya rangi hiyo nimewahi kula. Vina maji. Ukichemsha unapata uji."

"Ndiyo, vingi viko hivyo, mama. Hiki wanasema wamekipunguzia maji kidogo."

"Wanasema." Eufrasia akarudisha rando kwenye boksi.

Tungeishia hapo, maana hakuna aliyetaka kunyoosha mkono baada ya Eufrasia kusema "wanasema" kwa sauti ile. Lakini nyuma ya nyumba Kasmiri alikuwa amekuja kurekebisha pampu ya Mama Constantine, na alikuwa amesikia yote. Akatokeza kwenye kona ya nyumba na spana mkononi.

"Samahanini, akina mama. Umesema kinavumilia jua?"

"Ndiyo, baba," Jenifer akajibu.

"Na mwanamume anaruhusiwa kukijaribu?"

Kicheko kilichozuka pale nadhani kilisikika sokoni. Jenifer peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alimpa furushi, akamwandika kuwa mwanakikundi, mwanamume pekee kati yetu. Eufrasia alipoona furushi linaondoka, akanyoosha mkono naye. "Nipe na mimi. Siwezi kukataa kitu ambacho sijakila."

Basi msimu ukaanza, na ubishi ukaanza nao.

Eufrasia alipanda kile cha kwao Zagayu kwenye matuta ya karibu na jiko, na kipya akakipeleka pembeni. Kasmiri alipanda kipya peke yake, kwenye udongo wake wa kichanga, na kila asubuhi waliamkiana juu ya minyaa kisha wakaanza.

"Chako kinatambaa tu," Eufrasia alisema. "Majani mengi, chini hakuna kitu."

"Umechimba ukaona?"

"Sihitaji kuchimba. Mwanamke mwenye gauni refu hivyo hana kazi."

"Basi subiri jua."

Jua likaja. Januari ilipoisha mvua ilikatika, na Februari nzima mbingu zilikuwa nyeupe kama bati jipya. Mahindi yakajikunja. Kiazi cha Zagayu kikaanza kulegea mchana na kuamka jioni kwa shida. Kile kipya kilisimama. Hata Eufrasia aliliona hilo kwenye pembe yake mwenyewe, ingawa hakulisema. Ni Kasmiri aliyelisema, na alilisema kila siku.

"Mama Philomena, hebu tazama jani hili. Limenyauka?"

"Hatuli ushujaa, Mzee Kasmiri. Tunakula kiazi."

Siku moja alipomjibu hivyo, Kasmiri hakurudisha mzaha. Aliegemea jembe lake.

"Kuna mwaka kule Mwanhuzi," akasema, "jua liliwaka hivi, tena zaidi. Mimi nilikuwa natengeneza pampu, lakini visima vyenyewe vilikuwa vimekauka. Mke wangu alikuwa na tuta moja la viazi, sijui aina gani, vibaya, vina nyuzi kama kamba ya katani. Havikufa. Tulikula nyuzi zile mpaka mvua ikarudi. Tangu siku hiyo mimi siulizi kiazi ni kitamu. Nauliza, kitakuwepo?"

Eufrasia aligeuka hapo hapo. Aliingia ndani, akatoka na jagi la maziwa ya mgando, akampitishia juu ya ua. Kesho yake walibishana kama kawaida, lakini tuliokuwa tunapita njiani tulianza kugundua kwamba ubishi ule ulikuwa unachukua muda mrefu kuliko unavyohitaji.

Mvua za Machi zilirudi na kuokoa kilichobaki. Mwezi wa Mei Jenifer akaja kwa siku ya kuonja. Tulichemsha masufuria ya kiazi kipya pale kwa Mama Constantine, tukaweka kwenye sinia, tukakaa kwenye mikeka. Kilikuwa kizuri kukitazama, sitadanganya. Ukikivunja ndani kilikuwa kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Watoto walikula bila kuambiwa.

Eufrasia alifumba macho, akatafuna. Tukamtazama mdomo wote.

"Kitamu," akasema. Jenifer akatabasamu. "Lakini ni utamu wa mgeni. Unakuja haraka, unaondoka haraka. Na maji bado yamo."

"Maji gani?" Kasmiri akadakia. "Mbona mimi naona kimekaa sawa?"

"Wewe ulikulia nyuzi, Mzee Kasmiri. Kwako hata kuni zimekaa sawa."

"Na wewe ulikulia bondeni, penye maji ya kuchota kwa kofia. Ungezaliwa kwetu ungekipigia magoti kiazi hiki."

"Mimi nampigia magoti Mungu tu."

"Basi mshukuru kwa kuwa amekileta."

Walisimama, wakakaa, wakasimama tena. Mama Constantine alijaribu kuwatuliza akashindwa, akaamua kuendelea kula. Mwishowe Jenifer akauliza kama tupige kura, na Eufrasia akainua mkono.

"Hapana. Kiazi hakihukumiwi kabla hakijakaushwa. Sisi tunakula viazi miezi mitatu. Miezi mingine tunakula michembe na matobolwa. Mchumba anayependeza siku ya harusi tu wa nini?"

Jenifer akacheka. "Mama, mimi ni mtoto wa Ipililo. Nyumbani kwetu bila matobolwa chai hainywewi. Kausheni. Nitarudi."

Kwa asiyejua: michembe ni kiazi kibichi kilichomenywa, kikakatwa na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza, kisha yakakatwa na kuanikwa, na yakiiva vizuri hutafunwa kama peremende. Mama mwenye ghala la matobolwa hahofii wageni.

Lakini kabla ya kukausha lazima uchimbe, na hapo Eufrasia akapata pigo. Udongo wa karibu na jiko ulikuwa umepasuka kipindi kile cha jua, na kwenye nyufa fukusi, wale wadudu wanaotoboa viazi, walikuwa wameingia. Alichimba tuta la kwanza la kiazi chake cha Zagayu: vitobo vyeusi, harufu chungu. La pili: hivyo hivyo. Alipata vizima, ndiyo, lakini karai lilijaa zaidi vya kutupa. Aliketi juu ya tuta na jembe miguuni.

Kasmiri alimwona. Sisi tulidhani siku hiyo atasema, "Nilikuambia." Hakusema. Alirudi kwake, akachimba, akatokea kwa njia ya barabarani na beseni la viazi vyake vya rangi ya chungwa, akaliweka mlangoni.

"Si kwa ajili ya ubishi," akasema. "Ni chakula tu."

Jioni ile Eufrasia alivichemsha kwa maji machache, akafunika kwa majani ya mgomba, akavila na maziwa. Alitueleza baadaye kwamba alikula cha kwanza kwa adabu, cha pili kwa uchunguzi, na cha tatu kwa sababu alitaka. Na kwamba alilala akifikiria tuta moja la Mwanhuzi lenye viazi vya nyuzi.

Baadaye ikaja kazi ya kukausha, na Kasmiri hakujua kutengeneza matobolwa. Akaomba afundishwe. Nyuma ya viwanja vyao kuna mwamba mpana, laini, unaochomwa na jua tangu asubuhi, na hapo ndipo wote wawili walipohamia mwezi ule wa Juni. Eufrasia alikata, Kasmiri akaanika; Eufrasia akamwambia amevipanga karibukaribu mno, Kasmiri akavipanga upya. Alitengeneza chombo cha kutishia ndege kwa vipande vya bati la pampu kuukuu, kikilia upepo ukipita. Njia ya barabarani ikawa ndefu kwao, kwa hiyo Kasmiri akaja na panga, akauliza, "Mama Philomena, nikikata minyaa miwili hapa utakasirika?" Naye akamjibu, "Kata mitatu, wewe ni mrefu na mimi ni mpana."

Walitenga marundo mawili, kiazi cha Zagayu huku, kipya kule. Vilipokauka, Eufrasia akampa Kasmiri tobolwa la kiazi chake cha zamani, kutoka kwenye vile vichache vilivyopona.

Kasmiri alitafuna. Akaacha kutafuna. Akavua kofia.

"Mayu," akasema, "hiki ni kitu gani?"

"Hicho ni Zagayu."

"Nimekula matobolwa maisha yangu yote."

"Hapana. Umekula nyuzi."

Kisha wakaonja lile la kiazi kipya. Lilikuwa gumu nje na lenye kunata ndani, kama soli ya kandambili iliyoachwa juani. Kasmiri alilitafuna kwa ujasiri, taya likafanya kazi kama pampu mbovu, mwisho akageuka kando na kulitema kwa heshima. Eufrasia alicheka mpaka akaketi chini. Alimrushia kuku kipande. Kuku alikidonoa, akakitazama, akaenda zake.

"Sitasema neno," Eufrasia akasema, akifuta machozi.

"Sema tu."

"Sisemi."

Jenifer alirudi Julai kwa ajili ya kura. Alileta ndoo mbili, ya njano na ya bluu, akaziweka nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba, ili kila mtu aingie peke yake. Ndoo ya njano ni kukubali, ya bluu ni kukataa. Na kwa kuwa ofisini kwao hutaka kujua wanawake wanafikiri nini na wanaume wanafikiri nini, wanawake alitupa punje moja moja ya hindi, na mwanamume harage.

Mwanamume tuliyekuwa naye ni mmoja.

Tuliingia mmoja mmoja. Eufrasia alikaa nyuma ya kanga muda mrefu mpaka Mama Constantine akakohoa. Kasmiri aliingia na kutoka upesi, uso umekazwa kama mtu aliyetoka kuungama. Jenifer akafungua kanga, akamimina ndoo ya njano kwenye ungo. Mahindi mengi. Akamimina ya bluu. Mahindi machache, na katikati yake, jekundu, limelala peke yake kama mgeni aliyepotea njia, harage.

Shingo zote zilimgeukia mzee. Kisha Mama Constantine akasema taratibu, "Mzee Kasmiri. Msimu mzima umetuhubiria."

Kasmiri alikuwa anaitazama kofia yake. "Nimekula tobolwa la Mama Philomena," akasema. "Baada ya lile, ningewezaje kuweka mkono kwenye ndoo ya njano? Nimeona haya."

Eufrasia alisimama. "Lo!" akasema. "Lo, baba! Na mimi nimeweka kwenye ya njano!"

"Wewe?"

"Fukusi wamekula changu, chako kimebaki. Nikafikiria ile habari ya mwaka wa jua. Nikasema, mimi ni nani nikatae kiazi kitakachokuwepo?"

Walitazamana. Nadhani hapo ndipo walipoelewa kabla yetu, au sisi kabla yao, sijui. Ninachojua ni kwamba kikundi kizima kilianguka kwenye mikeka kwa kicheko, Mama Constantine akipiga vigelegele, na Jenifer alivua miwani yake kuifuta. Alipopata pumzi alisema hakuwahi kupata majibu bora kuliko hayo: kwamba kiazi kipandwe, kiliwe kikitoka tu ardhini, kiwe akiba ya miaka ya jua, lakini wanaochanganya mbegu warudi wakakitafutie ukavu, maana kwa matobolwa hakifai hata kwa kuku. Akatuuliza tungependa kukiitaje. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Tulikiita Wabishi, na hata leo ukienda mitaa ile ukaomba marando ya Wabishi, utapewa.

Jioni ya siku hiyo Kasmiri alipita kwenye pengo la minyaa akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Eufrasia alikuwa anapuliza moto.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Kaa. Mbona umevaa kama unaenda mahakamani?"

Hakukaa. "Mama Philomena, tumebishana msimu mzima, na leo nimeona hakuna aliyeshinda. Kila mmoja amepita upande wa mwenzake, tumepishana njiani."

"Ndiyo."

"Naona ni hatari tukiendelea hivyo tukiwa nyumba mbili. Naomba tubishane tukiwa moja."

Eufrasia aliweka kifuniko kwenye sufuria. Alitueleza kwamba moyo wake ulikuwa unapiga kama wa msichana wa sekondari, akaona aibu nao, kisha akaona hakuna haja ya aibu.

"Jiko lako ni bovu," akasema. "Linatoa moshi."

"Nitalivunja."

"Basi hamia hapa. Na kofia hiyo ivuliwe mezani."

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Philomena. Eufrasia alienda dukani kwake sokoni akiwa ameandaa maneno, akaanza mbali, akazungumzia upweke, akazungumzia marehemu Mabula na jinsi asivyosahauliwa. Philomena aliacha kupima kitambaa.

"Mama, ni Mzee Kasmiri?"

"Nani kakuambia?"

"Mama, mtaa mzima unajua. Aliyekuwa hajui ni wewe." Akamkumbatia, wakalia kidogo, wakacheka, na Philomena akakata vitambaa vya sare hapo hapo.

Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani Jumapili tatu, na kila Jumapili upande wa wanawake ulishindwa kujizuia. Lakini Eufrasia ni mtoto wa watu, na watu wake wako Zagayu. Kaka yake mkubwa, Mhoja, alisema umri wa bibi harusi haumhusu, mgeni lazima aende akajieleze.

Tulikwenda kwa gari la kukodi, wanawake wa kikundi, Kasmiri akiwa amekaa mbele amenyooka kama nguzo. Mhoja alitupokea vizuri, akatuketisha, akaagiza maziwa. Ndipo akamgeukia shemeji mtarajiwa.

"Tumesikia habari zako. Tumesikia unalima viazi."

Kasmiri akasema ndiyo.

"Mimi ni mzee sasa, na sijawahi kuona mwanamume akipanda viazi. Hatukuulizi mengi. Tuonyeshe."

Tukadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Pembeni ya boma tuta lilikuwa limeinuliwa tayari, udongo mweusi, umemwagiwa maji, na furushi la marando limewekwa juu yake. Ndugu wote walikuwa wamejipanga, wake wa kaka, shangazi waliobaki, wajukuu hawahesabiki. Eufrasia akainuka kusema kitu, Mhoja akamwashiria akae.

Kasmiri alivua koti, akalikunja, akamkabidhi Mama Constantine. Akavua viatu. Akapiga magoti kwenye tuta la wakwe zake akiwa na suruali yake ya harusi, akachukua rando, akalilaza, akalikunja kidogo katikati, akalifunika pale penye vifundo, ncha akaiacha inapumua. Akachukua la pili. Shangazi mmoja mzee sana, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, akasogea karibu kutazama mikono.

"Nafasi," akasema shangazi. "Umeyabananisha."

"Mkeo mtarajiwa hakukuambia?" mwingine akauliza.

"Huniambia kila siku," Kasmiri akajibu kutoka chini, na boma zima likapasuka kwa kicheko. Shangazi yule akaanzisha wimbo wa kupandia, ule wa zamani wa kuinua na kuinama, wanawake wakaupokea, na kabla hajafika nusu ya tuta kulikuwa na watu wanne wamepiga magoti pande zote mbili wakipanda naye, mmoja wao Mhoja mwenyewe, fimbo yake ameiweka kando, akiuliza kwa sauti ya chini, "Hivi? Au ncha inaelekea huku?"

Walifunga ndoa mwezi wa Septemba. Chakula kilikuwa kingi, na ukitaka kujua, viazi vyote viwili vilikuwa mezani, na vya rangi ya chungwa viliisha kwanza kwa sababu watoto walivikimbilia. Sasa wana misimu miwili pamoja. Ukipita asubuhi utawasikia: yeye anataka matuta yaelekee mashariki, mumewe anataka yafuate mteremko maji yasipotee, na ukisimama kuwaamkia watakuomba uamue. Usiamue. Pokea kiazi, shukuru, uende zako.